Pua tu, basi

Watu wakisikia mtu hajipendi, hudhani anawaonea wivu warembo. Mimi sina ugomvi na warembo. Ugomvi wangu ni na pua. Nikisimama mbele ya kioo siuoni uso, naona pua, na ubavuni mwake kinundu ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukiona mpaka nimwonyeshe kwa kidole, na hata hapo lazima akaze macho. Nasogea karibu, pumzi inatia ukungu kiooni, naufuta kwa kiganja, naangalia tena. Nawasha taa ya juu, nazima, nawasha ya pembeni. Nikija kushtuka nimeshachelewa ninakokwenda.

Hali hii ya kuteswa na kasoro ambayo wengine hawaioni si ya juzi. Daktari wa Kiitaliano, Enrico Morselli, aliiandika na kuipa jina, dismorfofobia, mwaka 1891, kabla ya simu zenye kamera. Siku hizi wataalamu wanaiweka jirani na maradhi ya mawazo yanayong'ang'ania, yale yanayomfanya mtu anawe mikono mpaka ngozi ichubuke. Nilipoelezwa hivyo nilishusha pumzi. Kwa hiyo si maringo, kama nilivyosemwa tangu utotoni. (“Huyu na kioo chake!”)

Sifa nazo hazinisaidii, jamani. Ukiniambia nimependeza, moyoni nasema ananihurumia. Ukinyamaza, basi kumbe kaona. Dada yangu nilikuwa namuuliza kila mara, “Hivi pua yangu iko sawa?” Ananijibu iko sawa, natulia kidogo, halafu swali linarudi na njaa zaidi. Mshauri nasaha wangu akamwomba aache kujibu. Sasa nikimuuliza anasema, “Hilo sijibu, mdogo wangu,” na kuendelea na shughuli zake. Mwanzoni nilimnunia. Lakini hakuna sifa iliyowahi kunipa nafuu kama kunyimwa jibu hilo.

Najua pia kwamba kamera ikiwa karibu na uso huikuza pua, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia mbele. Kujua huko hakunizuii kufuta picha.

Zoezi la wiki hii ni kusimama mbali kidogo na kioo na kuutaja uso wote bila kuuhukumu: nyusi nyeusi, macho ya kahawia, kovu dogo kidevuni, pua. Pua tu, basi. Leo nilipofika hapo ulimi ukaongeza “kubwa”. Kesho naanza tena na nyusi.