Damu ya mbwa wa jirani

Huku London saa mbili usiku, natoka zamu, simu inaita. Dar saa tano hiyo. Mama hapigi saa kama hizo, kwa hiyo nilishajiandaa kwa msiba kabla sijapokea.

"Kamanda anakufa, mwanangu."

Kamanda ni mbwa wetu wa Tabata. Mdogo wangu akanionyesha kwa kamera: kalala barazani, hata mkia hakuutikisa aliposikia sauti yangu. Nikamwambia ainue mdomo nione fizi. Nyeupe kama chokaa. Na mkojo, Mama akasema, tangu asubuhi kama chai ya rangi.

Kupe. Akimng'ata mbwa humwachia kijidudu kinachoingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua, wekundu wake ukatokea kwenye mkojo.

Bajaji ya kwanza ilikataa. Simlaumu dereva: mate ya mbwa kwake ni najisi, ataosha mara saba, moja kwa udongo, usiku wote huo. Wa pili alikubali baada ya kutandikiwa turubai na kuongezewa elfu tano.

Kwenye kliniki ya hisani daktari alifungua geti mwenyewe. Mimi nimeshika simu nauliza shilingi ngapi, shilingi ngapi. (Sisi tulio nje kila shida tunaiuliza bei.)

"Dada, hela tutaongea kesho. Nitafutie mbwa mkubwa, mzima."

Sindano alishamchoma, dripu inatiririka, ila damu iliyobaki isingeweza kuingoja dawa ifanye kazi. Mbwa ambaye hajawahi kuongezewa damu, kwa kawaida mara ya kwanza huipokea ya mwenzake bila shida.

Kila siku napita Whitechapel, ambako mwaka 1917 Maria Dickin alifungua zahanati ya bure kwa wanyama wa maskini. Napita tu, kama mtu anayepita kituo cha basi. Usiku ule nilisimama pale na pauni zangu, hazina pa kwenda.

Aliyekwenda kugonga ni Mama. Kwa mzee wa nyumba ya pili, ambaye tangu ule ugomvi wa mfereji wa maji machafu salamu zao ni za kulazimishana. Akatoka na kikoi, hakuuliza mengi, akamfunga mnyororo jibwa lake na bajaji ileile ikarudi kuwachukua.

Alfajiri nikakuta sauti ya Mama WhatsApp.

"Amekojoa. Wa njano. Na mzee kaikataa hela yako, anasema ukija umletee koti."