Shela la Pronovias la mtumba, nilivyolinunua nikiwa Tanga na nilivyoliuza

Mi shela la kukodi sikulitaka tangu mwanzo, si kiburi jamani, ila hapa mjini mashela ya kukodi tunayajua kwa sura, ukiingia nalo ukumbini lazima shangazi mmoja aseme hili si ndo alivaa mtoto wa fulani wa Makorora. Na jipya la dizaina ndo usiseme, Pronovias ya Hispania kwenye maduka ya Uingereza mara nyingi inapita pauni 1,000, hela hiyo si bora nipandishe ukuta. Nikaingia eBay na Stillwhite, kule mtu anavaa siku moja anauza, bei inashuka nusu na wakati mwingine zaidi. Wifi yangu anakaa Birmingham ndo alipokea akakagua, alaf akaja nalo kwenye begi likizo yake, maana ukitumiwa moja kwa moja, usafiri na ushuru vinaweza kukuliza. Na malipo tulifanya humo humo eBay, ukimfuata muuzaji pembeni kisa anakupunguzia, likija sio lenyewe hakuna wa kukurudishia.

Namba ya saizi sahau. Mashela ya kizungu yanashonwa madogo, anayevaa 12 kwenye nguo za kawaida anaweza kuhitaji 14 au 16, na tena 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani, hapo ndo watu wanaumia. Mi nilipima kifua, kiuno, nyonga, na kutoka shimo la koo mpaka chini nikiwa nimevaa viatu vya siku yenyewe, nikamwambia muuzaji naye alipime gauni sehemu hizo hizo kwa sentimita, mambo ya alikuwa na kilo ngapi hayanihusu. Urefu ndo mkubwa kuliko yote kwa sababu shela likishavaliwa limeshakatwa pindo kwa kimo cha bibi harusi wa kwanza, kupunguza fundi anapunguza, kurefusha atatoa wapi.

Picha nako kuna wajanja, anakuwekea ile ya modo wa kampuni, ukimwomba ya gauni likiwa kwenye henga chumbani kwake anakuwa bubu. Dai picha ya lebo iliyoshonewa ndani, ya kwapa, na ya pindo kwa ndani, uchafu wote wa sakafu unajificha pale. Na akisema hariri, ukilipata chomoa uzi mmoja wa kitambaa chenyewe kwenye mshono wa ndani, sio uzi wa cherehani, uchome, hariri inanuka kama nywele zinaungua na majivu yanasagika, poliesta inayeyuka inakuwa kidonge kigumu. Langu lilikuwa poliesta na muuzaji alisema hivo hivo, ndo maana nililipata kwa pauni 260.

Fundi wangu yuko Ngamiani, mzee wa watu, akalipindua akafungua bitana kidogo, akasema, "Mwanangu, wameacha kitambaa cha kutosha humu, shukuru Mungu." Kifua akakiachia. Ila kazi yenyewe ilikuwa mabega, mashela mengi ya kule yako wazi juu, na mama mkwe alishasema mapema hataki kuona bega. Fundi akakata ule mkia mrefu (nao ungezoa vumbi tu), kitambaa kikatoka mikono miwili mizima, maua ya lesi akayabandua kwa mkono moja moja akayashonea upya kwenye mikono. Ukiangalia huwezi kujua.

Baada ya harusi nikalipeleka kwa dobi haraka, jasho na soda havionekani leo, vinakuja kutoa unjano baadaye. Nikalikunja na shuka jeupe la pamba, maana kwenye nailoni kwa unyevu wetu huu wa pwani linapiga ukungu.

Kuuza sasa. Niliweka status na Instagram nikajidai na Pronovias, watu wakauliza Prono nani? Hakuna aliyejali. Nikabadilisha, nikaandika shela la mikono mirefu, nikaweka vipimo vyote na picha ya kidoa cha pindoni na shanga zilizodondoka, hapo simu ndo zikaanza, na walikuwa wanaulizia mikono tu, wa Mombasa, wa Dar, hadi dada mmoja Zanzibar. Alichukua wa Dar kwa laki saba. Kuna mwingine kabla yake alinitumia meseji ya muamala ambayo hata M-Pesa haiifahamu, kwa hiyo usiamini meseji, angalia salio mwenyewe *150*00#. Ya dada wa Dar ilipoingia kweli nikapeleka boksi stendi Kange, nikapiga picha risiti ya mzigo nikamtumia.

Veli yeye hakuitaka, bado ninayo, ndefu ya mpaka chini, lesi pembeni, anayeitaka aseme.