Gia moja tu, chuma, na chumvi ya Mombasa

Baiskeli yangu ya kwanza ilikuwa ya alumini, gia 21. Nakaa Kongowea, kazini ni Kizingo, na kila siku navuka daraja la Nyali. Upepo wa kusi ukishika, chumvi unaionja mdomoni. Hewa hiyo haina huruma na vitu vidogo. Waya za gia zikashika kutu ndani ya mipira yake, kile kidude cha nyuma cha kuhamisha cheni kikajaa mchanga kikakwama, mwisho nikabaki na gia 3 kati ya zote zile. Nikawa nawatazama wauza mikate na blackmamba zao za gia moja, wanapita na mizigo asubuhi na jioni, wala huwaoni wamepiga magoti kando ya barabara.

Lakini blackmamba ni nzito, na tairi zake nyembamba zazama mchangani. Nilichotaka ni fremu ya baiskeli ya mlimani, ya chuma, niivue gia zote.

Niliipata kwenye baiskeli za mtumba zinazoshuka bandarini. Rangi imebabuka, lakini kibandiko kwenye bomba la kiti kilisomeka 4130. Hiyo ni namba ya kromoli, chuma kilichotiwa kromiamu na molibdenamu, kigumu kiasi kwamba bomba huundwa jembamba na likahimili. Kilichonifurahisha zaidi kilikuwa nyuma, pale penye mdomo unaoshika ekseli. Fremu nyingi za mlimani mdomo wake ni wa wima, ekseli ina mahali pamoja tu pa kukaa. Ukitoa gia cheni inalegea na huna pa kuivutia. Hii, kwa kuwa ni ya zamani, mdomo wake umelala. Ukitaka kukaza cheni unalivuta gurudumu nyuma, basi.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee pale Mwembe Tayari.

"Ami, nataka gia moja tu."

Akaigeuza juu chini, akaitazama kwa jicho moja toka nyuma. "Mwanangu, gia moja ni rahisi. Kazi ni cheni iende sawa. Cheni haipendi kwenda mshazari."

Sikumwelewa mpaka nilipomwona akifanya. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya gia nyingi hujengwa likiwa limeelemea upande mmoja, ili kuachia gia nafasi. Ukifunga friwili, yaani gia ya nyuma, ya meno 16 peke yake, inakaa ndani mno, na gia ya mbele iko nje. Mzee akazitoa washa, zile pete za kujazia nafasi, upande wa kulia wa ekseli akazihamishia kushoto, kitovu cha gurudumu kikasogea. Sasa rimu ikawa haiko katikati. Hapo ndipo alipokaa karibu saa nzima: njiti 18 za kulia analegeza, 18 za kushoto anakaza, robo mzunguko kila mara, anazungusha, anasikiliza njiti kwa ukucha, anakaza tena. Mbele tukaacha gia ya katikati ya meno 32 tu. Bolti zake zikawa ndefu kwa kuwa gia mbili zimetoka. Tukatia washa nyembamba.

Hesabu ya meno ni muhimu, usiifanye kwa kukisia. Tairi ya inchi 26 ikizunguka mara moja inakwenda kama mita 2. Meno 32 mbele na 16 nyuma, kila ukipiga pedali mzunguko mmoja unapata mita 4 na ushei. Kwa barabara za kisiwani zilizo tambarare, hiyo inatosha kabisa.

Siku ya kwanza nikapandisha daraja nikiwa nimesimama kwenye pedali. Katikati ya mlima nikasikia kishindo, gurudumu likagoma. Ekseli upande wa kulia ilikuwa imevutwa mbele na cheni, tairi ikapinda ikabana fremu upande wa kushoto. Nikaikokota hadi Buxton. Kosa lilikuwa langu: niliacha ile ekseli ya kufungwa kwa kishikio, kwa sababu ni nyepesi na haihitaji spana. Mzee alikuwa ameniambia. Tukaweka ekseli nzima ya nati, nati zenye meno, na tukakwangua rangi pale zinapouma mpaka chuma kikaonekana. Haijateleza tena.

Kutu nayo nilidhani ni habari ya rangi. "Chuma chaoza toka ndani," mzee akasema. Tukatoa kiti na kranki, ile mikono ya pedali, akamimina nusu kikombe cha mafuta ya injini ndani ya mabomba, akaigeuza huku na huku, tukaitundika usiku kucha. Kitundu kilicho chini ya kranki akakizibua kwa msumari, maji yapate pa kutokea. Narudia kila mwaka kabla ya masika.

Siku za kazi navaa tairi laini, na kapu la Marikiti linakaa nyuma kwenye keria. Nikitaka kwenda Kwale natia tairi za meno na friwili ya 18. Mita 4 zinashuka kuwa 3.7, na ekseli inasogea mbele kama milimita 6 kwa cheni ileile. Usisahau kupanga mipira ya breki upya, maana rimu nayo imesogea. Nilivuka Likoni alfajiri, nikapita Waa, Kombani, halafu mlima wa Golini. Niliupanda wote nimesimama, polepole, magurudumu yakinguruma na hakuna kitu kingine kinacholia kwenye baiskeli. Juu nilikaa chini ya mwembe nikaishika cheni: imekaza vilevile.

Wiki ijayo nabadilisha cheni, ya kwanza tangu tuiunde. Mzee amesema nije na spana yangu namba 15, yeye atakaa tu anitazame.