Nimemaliza chuo, daftari la skoa nimeliacha

Leo siku ya tisa tangu nitoke hosteli na begi bado sijalifungua lote, nimetoa nguo za kuvaa tu, vingine vimebaki humo humo kama vile Jumamosi tuna mechi ya ugenini na basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Nadhani mwili haujaamini. Miaka mitatu nimeishi kwa ratiba hiyo, wiki darasani na wikiendi barabarani, na sasa kumekua kimya ghafla.

Watu wakiniuliza chuo kimekupa nini nawajibu shahada, manake ndio jibu wanalolitaka. Lakini hapa naweza kusema ukweli: chuo kilinipa kiti cha dirishani kwenye basi la timu, na daftari la kriketi mapajani.

Nilikua skora, yaani mwandishi wa hesabu za mechi. Mwaka wa kwanza niliingia timu nikitaka kurusha mpira, nikafanya mazoezi mwezi mzima, ikafika siku ya mechi kumbe skora wao wa zamani ameshamaliza chuo na hakuna anayejua kulijaza lile daftari, kepteni akauliza nani ana mwandiko unaosomeka, nikanyoosha mkono, na tangu siku hiyo sikutaka tena kazi nyingine uwanjani. Kuna watu walinionea huruma wakidhani nimekosa namba. Hapana. Mle ndani kila mchezaji anauona mchezo kwa sehemu yake, aliye kwenye baundari, mpaka wa uwanja, anauona kwa mbali, mpigaji anaona mpira unaomjia yeye tu, lakini skora anaona kila mpira, na kila mpira anauandika.

Ngoja niwaeleze kidogo. Mpira usiozaa kitu unauwekea nukta. Ova ina mipira sita, kwahiyo boula, yaani mrushaji, akimaliza ova nzima bila kutoa mkimbio, yaani alama, hata mmoja unabaki na nukta sita, tatu juu tatu chini, halafu unaziunganisha kwa kalamu zinakua herufi M. Kama ndani ya hizo sita kaangusha wiketi, yaani kamtoa mpigaji, mstari unaupitisha kwa namna nyingine inatoka W. Ile M nilikua naichora taratibu sana, kwa heshima, kwa sababu mtu ametoka jasho kuipata na pale uwanjani hakuna aliyempigia makofi. Waliosimama pembeni wanashangilia mpira uliovuka baundari, wanashangilia wiketi, lakini ova tupu inapita kimya kimya na sisi wa kwenye meza ndio tunaijua.

Alafu kuna kitu ambacho wengi hawakijui kabisa, ampaya akitoa ishara anakugeukia wewe. Akinyoosha mikono yote miwili pembeni, hiyo waidi, mpira uliorushwa mbali mno na mpigaji, anasimama hivo hivo anakuangalia mpaka na wewe unyooshe mkono umwambie nimeona. Hadi ujibu, mchezo hauendelei. Mimi fresha wa miaka kumi na tisa, uwanja mzima umesimama unasubiri mkono wangu! Nilikua nahisi kifua kinajaa.

Nilisoma uhasibu, na nasema hili bila kutania, hesabu za kuingiza mara mbili nilizielewa uwanjani kabla ya darasani. Mikimbio ya wapigaji wote jumlisha ekstra, ile isiyotokana na gongo, lazima itoe ile ile jumla unayoikata moja moja pembeni, na upande wa maboula napo lazima ukubali. Ikipishana moja tu, kuna mpira mahali fulani umeuandika upande mmoja ukausahau upande wa pili, na unarudi nyuma ova kwa ova mpaka uukute. Mhadhiri alipokuja kutufundisha mizania ya majaribio nilikua nimeshailia machozi mara mbili kwenye benchi la mbao.

Nikiwa kwenye zile safari ndio nikasoma habari za Bill Ferguson, skora wa zamani. Huyu alikua Mwaustralia, karani wa ofisini Sydney, na roho yake yote ilikua inataka kusafiri ila hela hakuna. Sasa Monty Noble, mchezaji mkubwa wa Australia enzi zile, kazi yake nyingine ilikua udaktari wa meno. Ferguson akaenda kwake kutibiwa meno, na humo humo akapata njia ya kuomba apelekwe na timu Uingereza mwaka 1905 kama skora na mtunza mizigo. Akapata. Toka hapo hakurudi tena kwenye maisha ya karani, alizunguka na timu karibu nusu karne, safari zaidi ya 40, Australia, Uingereza, Afrika Kusini, West Indies, New Zealand, wote aliwahi kuwaandikia, mechi za Testi, zile za kimataifa za siku kadhaa, zaidi ya 200. Hata ule mchoro wa mistari kama spoku za gurudumu la baiskeli unaotokea kati kati ya uwanja kuonyesha mpigaji kapeleka mipira upande gani, ambao leo tunauona kwenye tivii, unahesabiwa kuwa ni wake. Mtu ambaye hakuichezea nchi hata mechi moja, kaiona dunia nzima kwa sababu anajua kuandika vizuri na masanduku hayapotei mikononi mwake. Nilivyosoma habari zake nilikaa kimya muda mrefu, basi linatembea, wenzangu wote wamelala vichwa vimeinama, nikasema kumbe hii ni njia na kuna mtu alishaipita.

Na kuandika ndiko kunakobaki. Mechi ya Kenya na Sri Lanka kule Nairobi, Kombe la Dunia 2003, mimi sikuiona, lakini nimeisoma kwenye skokadi, karatasi ya hesabu za mechi, mara nyingi kiasi kwamba naweza kukuhadithia. Kenya 210 kwa wiketi 9, Sri Lanka wote nje 157, na kwenye safu ya maboula jina la Collins Obuya, wiketi 5 kwa mikimbio 24. Mstari mmoja tu huo. Kenya ikaenda mpaka nusu fainali mwaka ule. Aliyekaa mezani siku hiyo akaandika ile 5 na 24, sijui kama mkono haukumtetemeka.

Sasa mechi yetu ya mwisho. Hii ndio nimekuja kuiandika, hayo mengine nilikua nazunguka tu.

Ilikua ugenini, ova 35 kila timu, sisi watano tulikua tunamaliza chuo na wote tulijua hii ndio ya mwisho. Wenyeji walipiga kwanza wakapata 171. Sisi tulianza vibaya, tukatulia, tukaanza tena kuanguka, na kufikia saa kumi na moja jioni tulikua 148 kwa wiketi 7, tunahitaji 24 na imebaki mipira 32. Inawezekana kabisa. Kando yangu kwenye benchi alikaa namba kumi wetu, mpigaji wa kumi kwenye orodha, naye anamaliza, amevaa padi za kukinga miguu tangu wiketi ya tano ilipoanguka, gongo kalilaza magotini, glovu moja mkononi nyingine chini ya kwapa, na kila mpira ukirushwa mguu wake wa kushoto unagonga chini mara moja. Hasemi kitu. Mara moja tu alinigeukia akaniuliza, "Tumebakiza ngapi?" nikamwambia ishirini na nne, akatingisha kichwa kama mtu anayekariri.

Ikaja mvua. Sio ya kutisha, ile ya kuanza matone makubwa makubwa kwenye ukurasa, nikafunika daftari na koti langu. Tukasubiri nusu saa, haikuacha, ikaongezeka, na giza nalo likaanza, na dereva wetu akaja taratibu akamwambia kepteni, wanangu, barabara ni ndefu na usiku huu wa mvua mimi sitaki kuwakimbiza. Hakukosea. Makepteni wakashikana mikono chini ya kibanda, ampaya akazitoa beilsi, vile vijiti vya juu ya wiketi, mechi haina matokeo.

Meza ya skoa huwa na watu wawili, kila timu na wake, mnakaa bega kwa bega siku nzima na kila ova ikiisha mnaulizana, mia moja na mbili? mia moja na mbili. Skora wa wenyeji alikua dada mmoja niliyekutana naye mara nne katika miaka mitatu, na sijui nyumbani kwao wapi wala alikua anasoma kozi gani, lakini najua anavyoandika saba yake na mstari kati kati na najua akichoka anaguna kidogo puani. Tulifunga vitabu pamoja kwa tochi ya simu. Wapigaji, ekstra, maboula. Vikakubali mara ya kwanza, vyote viwili. Kwa wale wawili waliokua krizini, yaani bado wanapiga, nikaandika hawakutolewa. Halafu nikafika kwenye jina la namba kumi na mkono ukawa mzito, kwa sababu kanuni ni kanuni na mimi siwezi kuandika kwamba alikaa saa nzima na padi miguuni akiwa tayari kuliko mtu yeyote niliyewahi kumuona. Nikaandika: hakupiga.

Yule dada aliona nimesimama pale. Akasema, "Wa kwetu wawili pia hawakurusha hata mpira mmoja leo." Basi, tukaagana.

Kwenye basi namba kumi hakuvua padi. Tumetembea labda saa nzima, taa zimezimwa, ndio nikasikia mikanda inafunguliwa, mmoja, wa pili, wa tatu, akazilaza juu ya begi la vifaa, akalala.

Baada ya hapo nimefikiria sana ile Testi ya Durban ya mwaka 1939. Afrika Kusini na Uingereza walikubaliana mechi isiwe na mwisho wa siku, wacheze mpaka mshindi apatikane. Walianza tarehe 3 Machi. Tarehe 14 bado wanacheza. Uingereza walipewa kazi ya kutafuta 696, namba ya kichaa, na wakaikaribia, Edrich 219, Gibb 120, Hammond 140, wamefika 654 kwa wiketi 5, zimebaki 42 tu, mvua ikanyesha na treni ya kwenda Cape Town inawasubiri kwa sababu meli ya kuwarudisha kwao ilikua inaondoka huko na hakuna namna ya kuichelewesha. Siku kumi za mechi, moja ilikwenda na mvua, na wakaondoka. Sare. Zamani nilikua naiona kama hadithi ya kuchekesha. Sasa najiuliza wale waliokua wamevaa padi kule ndani wakisubiri zamu, walizivulia wapi, pale pale au ndani ya treni?

Mimi mwenyewe chuo nimekiacha hivo hivo. Kuna mwalimu nilitaka kumshukuru ofisini kwake, nikakuta amesafiri. Kuna rumeti wangu tuligombana mwaka wa pili kwa jambo dogo, tukawa tunasalimiana tu, nikasema nitamtafuta tukimaliza pepa, na siku ya kumaliza pepa alishaondoka na basi la mchana. Nilidhani kutakua na siku moja maalum ya kufunga kila kitu kikubaliane kama vitabu vyetu chini ya kile kibanda. Haikuwepo. Kulikua na fomu ya klia tu, maktaba wamegonga muhuri, hosteli wamegonga, na wa mwisho michezo, ambako nilitakiwa kurudisha daftari.

Nililikabidhi kwa mkono wangu kwa dogo wa mwaka wa kwanza anayechukua nafasi. Nilikaa naye siku mbili nikamfundisha nukta, M, W, jinsi ya kutenganisha bai na legi bai, ekstra za aina mbili, na nikamwambia anunue kalamu yake mwenyewe asitegemee ya kuazima. Ukurasa wa mechi ya mwisho niliupiga picha. Una madoa matatu ya mvua kwenye ova ya 29.

Kuhusu kinachofuata, natuma maombi ya kazi kama kila mtu, na naweka akiba pembeni kidogo kidogo kwa ajili ya safari. Nataka nifike Galle, Sri Lanka, nisimame juu ya kuta za ile ngome ya zamani niuangalie uwanja kwa chini na bahari pande zote mbili. Uwanja ule tsunami iliufagia Desemba 2004, na Desemba 2007 Testi ikachezwa tena pale pale, Jayawardene wa Sri Lanka akapiga 213 na hakutolewa. Nataka pia Newlands kule Cape Town na ule mlima nyuma yake, na Lord's ya London, nione kwa macho yangu kama kweli uwanja mkongwe vile umeinama upande mmoja uko juu kuliko mwingine zaidi ya mita mbili. Nitaenda na daftari. Sihitaji ruhusa ya mtu kukaa jukwaani na kuandika.

Jana usiku, saa nne hivi, simu ikalia. Ni yule dogo, mechi yake ya kwanza peke yake, wako njiani kurudi. Kanitumia picha ya ukurasa mzima, kaandika, "Kaka yangu nisaidie, nimepishana moja, nimerudia mara tano sioni." Niliikuza ile picha nikaanza juu, ova kwa ova, nimelala kifudifudi kitandani begi likiwa miguuni, na nikaikuta. Waidi ya ova ya 11. Kaiweka kwenye ekstra, kwa boula hakuiweka.