Electron, NW.js au Flash: mashine za Mkuranga ndo zilichagua

Mwaka 2016 tulipata kazi ya shirika moja, masomo ya sayansi ya kidato cha pili kwa shule ambazo hazina intaneti, na wakati huu ninaousema kazi yenyewe ilikuwa imeisha karibu yote. Video tumerekodi, mchoro wa moyo unavyosukuma damu unacheza vizuri, maswali ya kila mada yapo, kuna dada mmoja sauti yake tamu anaeleza kwa Kiingereza halafu anarudia kwa Kiswahili. Kikabaki kitu kimoja tu, tuvifunge vyote ndani ya nini ili mwanafunzi adabo kliki pale kwenye kompyuta na somo lifunguke bila kuulizwa chochote.

Ofisini tulikuwa na dogo mmoja mkali sana wa JavaScript, na yeye jibu alikuwa nalo kabla hata swali halijaisha. Electron. Wakati ule Electron ndo ilikuwa habari ya mjini, toleo la 1.0 limetoka Mei mwaka huo huo, unachukua kurasa zako za HTML unazifunga pamoja na Chromium nzima (braoza ambayo Chrome imejengwa juu yake) na Node.js (inayoendesha JavaScript nje ya braoza) ndani yake, inakuwa programu ya kompyuta kama zingine. Na kweli kwenye laptopu yake ilikuwa inapendeza, MP4 zinacheza, maandishi laini, kila kitu. Mimi nilitokea kwenye Flash, programu ya Adobe ya kutengenezea michoro inayocheza, nimekula nayo ugali miaka mingi, nikasema tuijaribu projekta ya Flash, ile ambayo unapablishi kazi yako inatoka exe moja na plea yake iko humo humo ndani. Dogo akacheka. "Bro, Flash inakufa hiyo, Steve Jobs alishaandika toka 2010, we unataka kumpa mteja maiti?"

Kusema ukweli hakuwa mjinga. Ila alichokuwa anakisema yeye ni Flash ya kwenye braoza, ile plagini, na mimi nilikuwa naongelea exe ambayo haihitaji braoza wala plagini. Hayo ni mambo mawili tofauti na watu wengi mpaka leo wanayachanganya.

Tukakubaliana tusibishane, twende tukajaribu kwenye shule mojawapo ambazo kazi ingepelekwa, iko Mkuranga. Tukatia kila kitu kwenye flashi (flashi ya kuchomeka jamani, siyo Flash programu, siku ile neno hili lilituvuruga wote). Electron ya dogo, Flash yangu, na katikati tukaweka NW.js 0.14, ndugu yake Electron inayofanya kazi ile ile, maana dogo alisoma mahali kwamba hilo ndo toleo walilolibakiza kwa ajili ya watu wa Windows XP. Adobe AIR, ile inayofanya kazi ya Flash iwe programu kamili ya kompyuta, nayo tuliibeba ila hiyo haikufika mbali, nitaeleza.

Mwalimu wa kompyuta tulimkuta mlangoni na funguo, mzee wa makamo, mpole. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akafungua. Mashine zilikuwa za msaada, Pentium 4, RAM 512, zote Windows XP, zimefunikwa vitambaa vizuri kabisa na kila moja ina namba. Dogo akaangalia ukuta, akaangalia mimi, akanyamaza.

Tukachomeka flashi. Kabla hatujafungua chochote mwalimu akasema, "Hizo exe mngezitoa vijana, hapa exe tunafuta." Kumbe kwenye lab yake alikuwa ameshapigana sana na vile virusi vya flashi vinavyoficha mafolda yako halafu vinaweka vifaili vyenye ikoni ya folda, ukidabo kliki umekwisha. Kwa hiyo alikuwa amewafundisha wanafunzi wake wote kuwa ukiona exe kwenye flashi unafuta bila kuuliza, na mimi kwa kweli nilimheshimu kwa hilo, ni walimu wachache wanafika huko. Tukamwelezea sisi ni kina nani na exe hizi ni za nini, akaziskani zote na antivairasi yake taratibu, sisi tunasubiri, joto lile la saa saba, ndo akaturuhusu.

Electron ya dogo ikaleta kiboksi, hii siyo programu halali ya Win32. Basi. Electron wakati ule ilianzia Windows 7, XP haimo kabisa, na hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye maelezo yao wala siyo siri. AIR ikataka kuinstoliwa kwanza na Windows ikaomba paswedi ya admini, mwalimu akasema paswedi anayo mwalimu aliyekuwepo kabla yake na ameshahamishwa, yuko Songea. Ninajua AIR kuanzia toleo la 3 inaweza kufungwa nzima ndani ya folda bila kuinstoli, lakini habari ya folda pale ilikuwa na shida yake, nakuja.

NW.js ikafunguka! Dogo akapiga makofi. Tukaona menyu, tukaona picha, tukabonyeza video ya moyo, giza. Sauti hamna. NW.js inakuja bila H.264, kodeki inayotumika kwenye MP4, kwa sababu ya mambo ya hataza, kwa hiyo MP4 zetu haisomi, inabidi ubadilishe faili la ffmpeg mwenyewe au uzigeuze video ziwe WebM. Dogo alikuwa na WebM moja ya majaribio, akaiweka, ikacheza kwa kukwama kwama, picha inasimama dada anaendelea kuongea, damu inafika mapafuni wakati yeye ameshamaliza mada. Chromium ni prosesi kadhaa kwa mpigo na RAM ni 512, ungetegemea nini.

Wazo la kuacha HTML tupu ifunguliwe na braoza lilikufa hapo hapo, maana XP mwisho wake ni Internet Explorer 8, ambayo haijui video ya HTML5, na Chrome walishaacha XP Aprili mwaka ule ule.

Ya Flash ikafunguka mwalimu hajatoa hata kidole kwenye mausi. Ikajaza skrini, moyo ukadunda, sauti na picha pamoja. Video nilizigeuza kuwa FLV za Sorenson, kodeki ya kizamani, picha siyo nzuri kihivyo lakini prosesa ya zamani inaimudu. Na nilizikata vipande vifupi nikazipachika humo humo ndani, mada moja exe moja, hakuna folda pembeni. Mwalimu akaelewa faida yake kabla yangu: "Wakikopi wanafunzi wanakopi kimoja. Mkiwapa folda watachukua nusu."

Akauliza kama maksi za maswali zinaweza kuingia kwenye flashi yake. Nikamwambia hapana mwalimu, projekta haiwezi kuandika faili yenyewe kimya kimya, lazima mtu achague kila mara pa kuhifadhi, yenyewe inatunza kidogo kwenye mashine ile ile tu. Akasema sawa, nitaandika daftarini. Kwenye hilo AIR ingeshinda, na dogo hakuacha kunikumbusha njia nzima mpaka Mbagala.

Tukapeleka Flash. Mteja hakupenda, alitaka kitu cha kisasa kwenye ripoti yake, tukamwandikia "programu ya kompyuta" akaridhika. Julai 2017 Adobe wakatangaza mwisho wa Flash, dogo akanitumia habari ile usiku usiku na vikatuni vya kulia. Januari 12, 2021 wakaifunga kabisa kwenye mabraoza. Zile exe zinafunguka mpaka leo, moja ninayo kwenye laptopu yangu ya Windows 10.

Mwaka 2022 shirika lile lile wakarudi, safari hii shule zimepata laptopu mpya, wanataka na kidato cha tatu. Kazi nikamwachia dogo na Electron yake, maksi zinaandikwa vizuri kwenye faili. Alichoniomba mimi ni FLA za zamani tu, yale mafaili ya Flash ya kufanyia kazi kabla hujapablishi, nikamtafutia.