Baraza la Folkestone

Shangazi ndiye aliyeiona kwanza: glavu ya mtoto mchanga, imechomekwa kwenye uzio wa chuma, kana kwamba mpita njia ameiokota akaiweka pale mwenyewe aje aichukue. "Masikini, kitoto kitaumwa na baridi," akasema, akanyoosha mkono aitoe. Haikutoka. Ilikuwa shaba iliyopakwa rangi. Nikamweleza kuwa ni kazi ya msanii wa Kiingereza, Tracey Emin, iliyowekwa mjini 2008 pamoja na vinguo na viatu vingine vya watoto, kwa ajili ya wasichana wanaozaa wangali wadogo. Akaendelea kuishika kwa vidole viwili, kimya.

Ilikuwa Oktoba 2017. Alikuwa amekuja kutoka Unguja kunitembelea London, na wiki ya pili akaanza kunyong'onyea kwa kuikosa bahari. Kutoka stesheni ya St Pancras treni hufika Folkestone, mji wa pwani, chini ya saa moja, basi nikampeleka.

Mji ule uliishi kwa bandari. Watu walikuwa wakishuka treni na kupanda meli kwenda Boulogne, ng'ambo ya pili, Ufaransa. Njia ya reli chini ya bahari ikafunguliwa 1994, abiria wakapungua, mwishowe meli zikakoma. Baadaye tajiri mmoja mwenye asili ya hapo, Roger De Haan, akatoa fedha kununua na kukarabati majengo ya mtaa mkongwe yapangishwe wasanii, na tangu 2008 kila baada ya miaka mitatu wasanii wakawa wanaitwa kuufanyia mji kazi. Baadhi ya kazi hubaki moja kwa moja. Sisemi umaskini umekwisha, bado upo. Lakini nilikuwa nimeuona mji ule miaka ya nyuma, pwani haina mtu, na siku ile watu walikuwa tele.

Tukashuka hadi ufukweni, kokoto zikilialia chini ya viatu. Pale ambapo zamani palikuwa na uwanja wa bembea, kulisimama kibanda cha nakshi na rangi, wazi pande zote, umbo lake kama kalibu ya kugandishia jeli, ile tamutamu ya Waingereza. Shangazi akaingia, akaketi, akavua viatu.

"Hili si baraza hili?"

Nikamwambia aliyelibuni ni Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja, 1954, aliyeletwa Uingereza akiwa mchanga. Akanikazia macho. "Mtoto wa kwetu?" Nikamweleza na habari ya kalibu: jeli ilitaka sukari, na sukari ile ilitoka kwenye mashamba ya watumwa ng'ambo ya bahari. Nilidhani nampa jambo jipya.

"Na karafuu je, mwanangu?" akasema. "Nani aliyezilima?"

Sikuwa na la kumjibu. Tukakaa tukiitazama bahari ya kijivu. Akaja mzee mmoja wa Kiingereza na mbwa wake. Shangazi, ambaye mbwa na yeye haviivi, akajisogeza akampisha. "Karibu," akamwambia kwa Kiswahili. Mzee akaketi.

Desemba nikampigia simu Unguja kumwambia Lubaina ameshinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

"Yule mwenye baraza?"

"Ndiye, Shangazi."

Nikamsikia akiwaita waliokuwa ukumbini waje wasikie.