Kumfuata John Kelly kinyumenyume, Avenel hadi Tipperary

Wengi wanaomtafuta mfungwa wa Kiairishi aliyepelekwa Australia huanzia Ireland, na huko huko hupotea, maana akina John Kelly hawahesabiki. Mimi nilianzia kaburini. Huyu ninayemfuata, baba wa Ned Kelly, yule jambazi mashuhuri wa Victoria, alifariki Avenel, mji mdogo wa jimbo hilo la Australia, tarehe 27 Desemba 1866. Treni ya Albury kutoka Southern Cross, Melbourne, husimama Avenel, ila makaburi yako nje ya mji, kwa hiyo jiandae kutembea.

Kabla ya kufika pale, nunua cheti cha kifo. Vyeti vya Victoria vya miaka ile vina mambo mengi: mahali pa kuzaliwa, wazazi, ndoa, watoto, miaka marehemu aliyoishi koloni. Lakini majibu ni ya waliobaki, na familia nyingi zilificha habari za kifungo. Miaka ya kuishi koloni ikianza kabla ya 1853 na hakuna meli ya abiria yenye jina lake, shuku kwamba alipitia Tasmania, kisiwa cha wafungwa kilichoitwa wakati huo Van Diemen's Land.

Nikirudi kusini nilipita Beveridge, ambako nyumba aliyoijenga mwenyewe mwaka 1859 bado imesimama. Mjini Melbourne alimwoa Ellen Quinn katika kanisa la St Francis, 18 Novemba 1850. Usiitafute ndoa hiyo kwenye sajili ya serikali: usajili wa kiserikali ulianza Julai 1853. Ndoa za kabla ya hapo ziko kwenye vitabu vya makanisa.

Kwenda Hobart, mji mkuu wa Tasmania, nilipanda meli ya usiku, Geelong hadi Devonport, kisha barabara ya karibu kilomita 280. Nyaraka za wafungwa ziko Murray Street, na nyingi zinasomeka bure kwenye intaneti, lakini mwandiko wake unatesa. Kwa wanaume waliofika miaka ya 1840, fungua mfululizo wa CON33, wenye mwenendo wa kila mfungwa: kosa, adhabu, na vifupisho kama T.L., yaani amepewa ruhusa ya kujitafutia kazi, na F.S., amemaliza kifungo. Kimo na makovu ndivyo hutenganisha Kelly mmoja na mwenzake.

Ufunguo ni jina la meli pamoja na mwaka. Jina pekee halitoshi, kwa sababu meli moja ilileta wafungwa zaidi ya mara moja. Kelly alishuka Hobart kutoka Prince Regent tarehe 2 Januari 1842. Cheti chake cha uhuru ni cha 11 Januari 1848. Alihukumiwa miaka 7, na miaka huhesabiwa tangu hukumu, wala si tangu kushuka melini, basi kesi itafutwe Januari 1841. Ukihesabu kuanzia bandarini utakosea mwaka mzima.

Tazama pia mahali pa hukumu. Waairishi wengi walihukumiwa Uingereza, Lancaster au London, walikoenda kutafuta kazi. Hao hutawaona katika daftari za Dublin hata ukikesha. Kelly alihukumiwa Ireland, kwa wizi wa nguruwe wawili, kwa hiyo safari iliendelea hadi hifadhi ya nyaraka ya taifa, Bishop Street, Dublin. Daftari za waliosafirishwa zimebaki kuanzia 1836. Za kabla ya hapo ziliteketea kwenye moto wa Four Courts, majengo ya mahakama na nyaraka ya Dublin, mwaka 1922. Wa kabla ya 1836 atafutwe kwenye maombi ya msamaha, ambayo mengine yana majina ya wake na watoto.

Kituo cha mwisho ni Moyglass, alikotoka Kelly, kusini mashariki mwa kaunti ya Tipperary, karibu na Fethard. Mahakama ilikuwa Cashel, na wengi huandika mji wa kesi kana kwamba ndiko nyumbani. Alizaliwa 1820, na Wakatoliki hawakusajiliwa na serikali kabla ya 1864, hivyo kilichopo ni vitabu vya parokia, vinavyopatikana bure kupitia Maktaba ya Taifa. Majina yamo kwa Kilatini: John huwa Joannes. Na ukiwa barabarani usiulizie akina Kelly, utaelekezwa kila upande. Ulizia kitongoji chake chenyewe, Clonbrogan.